Kujitengenezea Gari Kwenye Miteremko ya Amani

Mtu anayejitengenezea gari nyumbani hukutana na vituko ambavyo fundi wa gereji huviepuka kwa mazoea tu. Humwagwa oili isiyostahili kumwagwa. Gari hushuka lenyewe kwenye jeki ilhali hendibreki imevutwa mpaka mwisho. Breki hukataa katikati ya mteremko, kisha gari likifika kwa fundi anayezikagua haoni kasoro yoyote. Waliosimama pembeni hucheka, na wana haki ya kucheka, kwa kuwa mara nyingi hakuna aliyeumia. Lakini kila kituko cha namna hii kina maelezo yake ya kiufundi, na karibu maelezo yote yana mzizi mmoja: sehemu ambayo mtu ameishika imefungamana na sehemu nyingine asiyoiona.

Amani ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa sababu huko mlima hauchelewi kuonyesha kosa. Iko Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza mkoani Tanga, kwenye mwinuko wa mita 900 hivi kutoka usawa wa bahari. Wajerumani walianzisha hapo kituo cha utafiti wa kilimo na biolojia mwaka 1902, Waingereza wakakiendeleza, baadaye pakawa makao ya utafiti wa malaria, na mwaka 1997 msitu unaoizunguka ukatangazwa kuwa hifadhi. Barabara ya kufika huko hutoka Muheza, hupita Bombani na Kisiwani, hufika lango la Sigi penye nyumba ya zamani ya kituo cha reli ya Wajerumani, kisha huanza kupanda kwa kona zinazojikunja moja baada ya nyingine mpaka juu. Ni safari ya zaidi ya kilomita 30, na mvua ya mwaka mzima huko juu hukaribia milimita 2,000. Palipo na udongo mwekundu, mvua ikinyesha gari huteleza hata likiwa limesimama.

Duka la spea liko Muheza, na kisichopatikana Muheza hufuatwa Tanga mjini. Fundi akiitwa kutoka bondeni, nauli yake peke yake yaweza kuzidi bei ya kifaa anachokuja kukifunga. Gari bovu nalo haliwezi kushuka lenyewe kwenda gereji, na kulivuta kwa kamba kwenye kona za Sigi ni jambo ambalo dereva mwenye busara hulikwepa. Kwa hiyo mwenye gari huazima spana kwa jirani, hutandika gunia chini ya gari, akaanza kazi. Si uchoyo wa pesa wala kiburi cha kujifanya fundi. Mara nyingi hiyo ndiyo njia iliyopo.

Historia ya gari katika nchi zetu ilianza hivyohivyo. Luteni Paul Graetz wa Ujerumani alipoondoka Dar es Salaam Agosti 10, 1907 ili kuvuka Afrika kwa gari, hapakuwa na gereji mbele yake. Alifika Swakopmund kwenye pwani ya Atlantiki Mei 1, 1909, na muda mwingi wa safari hiyo gari lilikuwa limesimama likingoja spea, petroli au matengenezo. Miaka 50 na ushei baadaye, mashindano ya magari ya Safari Rally yaliwafundisha wapenzi wa magari somo hilo la kujitegemea njiani kila Pasaka. Mwaka 1963, na tena 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Joginder Singh, aliyeshinda 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika na tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi, alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa bingwa. Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Madereva wa aina hiyo walisifiwa kwa mbio zao, lakini sehemu kubwa ya ushindi wao ilikuwa kujua ndani ya gari kuna nini, na kipi kimeshikana na kipi.

Kituko kinachostahili nafasi kubwa kuliko vyote ni cha Land Rover ya zamani na hendibreki yake. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, na kwa miongo mingi ndilo lililopita kwenye njia za milimani ambako magari mengine yalikwama. Mambo huenda hivi. Mwenye gari anataka kufungua gurudumu la nyuma. Ameegesha uani, mahali panapoteremka kidogo tu, kwa sababu Amani uwanja ulio sawa kabisa ni wa kutafuta. Anavuta hendibreki mpaka mkono unagoma. Kwa tahadhari zaidi anatia gia namba moja. Analegeza nati za gurudumu kidogo, anaweka jeki chini ya eksili, anapampu, na gurudumu linaachana na ardhi. Hapo gari linaanza kwenda. Gurudumu lililo hewani linazunguka kinyumenyume, polepole, na gari lenyewe linakwenda mbele. Jeki inalala ubavu, gurudumu linatua chini kwa kishindo, na gari linasimama palepale.

Mwenye gari huinuka, hukung'uta magoti, akaenda kukagua hendibreki. Imekaza. Huita watu wawili wasukume gari kwa nguvu zao zote, nalo halitikisiki. Basi hurudisha jeki mahali pake, hupampu upya, na gari huondoka tena kama mara ya kwanza. Watoto waliokuwa wakitazama huulizwa nani kasukuma. Huapa kwamba hakuna aliyeligusa, nao wanasema kweli.

Maelezo yako chini ya sakafu ya gari. Magari mengi hufungwa hendibreki inayoshika magurudumu ya nyuma moja kwa moja. Land Rover ya zamani haiko hivyo. Ngoma yake ya hendibreki imefungwa nyuma ya gia boksi ndogo, na kinachoshikwa ni propela, yaani shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye eksili ya nyuma. Kati ya propela na magurudumu kuna difu. Difu ni mkusanyiko wa meno ya chuma unaogawa nguvu kwa magurudumu mawili na kuyaruhusu yazunguke kwa kasi tofauti, kwa kuwa gari likikata kona gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani. Hulka yake ni kwamba propela ikizuiwa isizunguke, gurudumu moja bado laweza kuzunguka kwenda mbele mradi la pili lizunguke kwenda nyuma kwa kiasi kilekile. Magurudumu yote mawili yakiwa chini, hilo haliwezekani, maana ardhi inayashika yote. Hendibreki basi huwa imara kabisa, hata mbele ya watu wawili wanaosukuma. Moja likinyanyuliwa, linapata uhuru wa kuzunguka kinyumenyume, na mwenzake aliye chini anapata uhuru wa kuteremka. Likitua tena, uhuru huo unakwisha, na gari linasimama.

Gia namba moja haisaidii chochote, jambo ambalo huwashangaza hata madereva wazoefu. Gia nayo hushika propela hiyohiyo iliyokwisha kushikwa na hendibreki. Ni kufunga kufuli mbili kwenye mlango mmoja, na dirisha likaachwa wazi. Kinachosaidia ni kuunganisha magurudumu ya mbele. Kwenye Land Rover hizo kuna mkono mdogo wenye kirungu cha njano. Kikisukumwa chini, propela ya mbele huungana na ya nyuma, na hendibreki sasa huyashika pia magurudumu mawili ya mbele ambayo yako ardhini. Mkono wenye kirungu chekundu ukivutwa nyuma huingiza gia nzito na kuunganisha magurudumu yote manne kwa pamoja. Kama eksili ya mbele imefungwa vifungo vya kuachia magurudumu, sharti navyo vifungwe kwanza, la sivyo kazi yote ni bure. Juu ya hayo yote huwekwa jiwe. Utingo wa lori anajua: lori likisimama mlimani, kabla hata injini haijazimwa, yeye huruka chini na gogo lake, akaliegemeza kwenye tairi. Mwenye gari dogo anapaswa kufanya vivyo hivyo, tena kwenye magurudumu yale yasiyonyanyuliwa, na upande ule ambao gari lingeelekea. Kituko hiki ni cha kuchekesha mradi hakuna mguu wala mkono chini ya gari. Kwa sababu hiyo jeki hutumika kunyanyulia tu, na anayeingia uvunguni huingia baada ya gari kukalishwa juu ya stendi au magogo yasiyoyumba.

Kumwaga oili ndiyo kazi ya kwanza ambayo wengi hujifunza, nayo ndiyo yenye kituko kinachosimuliwa zaidi vijiweni. Hapa gari linalohusika mara nyingi ni Subaru la gia za otomatiki, ingawa magari mengine yenye mpangilio wa kufanana nayo yamo. Mwenye gari akilala chini hukuta boliti za kumwagia zaidi ya moja, zimefuatana kutoka mbele kwenda nyuma: ya injini, ya difu ya mbele, ya gia boksi. Akiwa ametazama juu, tope likiwa limetapakaa kila mahali, hufungua ile iliyo rahisi kufikiwa. Kimiminika humwagika kwenye beseni. Kama ingekuwa haidroliki mpya, yaani oili ya gia za otomatiki, ingekuwa nyekundu na ingemshtua. Lakini haidroliki iliyotumika miaka mingi hugeuka hudhurungi, hata ikakaribia weusi wa oili ya injini, na mwenye gari huridhika. Hufunga boliti, huenda mbele, hufungua kifuniko cha injini, akamimina galoni nzima ya lita 4.

Sasa gari lina injini yenye oili maradufu na gia boksi iliyobaki na kidogo. Injini huwaka vizuri, na hilo humpa mwenyewe moyo. Mkono wa gia huwekwa kwenye D. Gari halijongei. Huongeza mafuta, injini hunguruma, bado. Uani Amani, gari likiwa limeelekea bondeni, huachia breki kidogo na gari huanza kuteremka lenyewe, naye hudhani limepona. Ni mpaka afike mahali pa kupanda ndipo hubainika kwamba gari linashuka lakini halipandi. Wakati huohuo moshi wa bluu huanza kutoka kwenye ekzosi.

Mambo hayo mawili yana sababu mbili tofauti. Gia za otomatiki hazina kamba wala klachi ya kukanyagwa. Ni shinikizo la haidroliki linalobana klachi za ndani na kupeleka nguvu kwenye magurudumu. Haidroliki ikipungua, pampu yake hunyonya hewa, shinikizo halipatikani, na injini huzunguka peke yake. Kwenye injini, tatizo ni la ziada. Ikiwa na oili nyingi kupita kiasi, shafti kubwa inayozunguka chini huifikia oili na kuipiga mpaka ifanye povu. Povu halilainishi vyuma kama oili inavyolainisha. Shinikizo la ndani hupanda, sili huanza kuvuja, na oili hupenya mpaka kwenye vyumba vya kuunguzia ikatoka kuwa moshi. Dawa ni kuzima injini mara moja, tena kabla ya kujaribu mara ya pili. Oili ya injini humwagwa na kupimwa upya kwa kijiti chake, na gia boksi hurudishiwa haidroliki ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kidogo kidogo, ikipimwa kwa utaratibu wa gari husika. Aliyezima mapema huwa amepoteza galoni moja na aibu ya siku moja. Aliyelazimisha kupanda huwa na gia boksi ya kununua.

Kosa hili lina kinga rahisi ambayo haihitaji kifaa chochote. Kabla ya kufungua boliti, kijiti cha injini huchomolewa na kiwango hukumbukwa. Baada ya kumwaga, kijiti huchomolewa tena. Kikitoka kikavu, aliyefungua amefungua penyewe. Kikitoka na kiwango kilekile cha mwanzo, hakuna kumimina chochote.

Breki zina vituko vya aina nyingine, kwa kuwa kazi yake huhitaji watu wawili na mmoja wao hamwoni mwenzake. Mafuta ya breki hayabanwi. Mguu ukikanyaga pedali, shinikizo hutoka masta silinda likafika magurudumuni bila kupungua. Hewa ikiingia ndani ya mipaipu mambo hubadilika, maana hewa hubanwa: mguu huzama, pedali huwa laini, na gurudumu halishikwi. Ndiyo maana baada ya kubadilisha mpira au paipu, upepo hutolewa. Mmoja hukaa kwenye usukani, wa pili hulala kando ya gurudumu na spana ndogo. Aliye chini husema, “Pampu!” na wa juu hukanyaga mara kadhaa. Husema, “Shika!” na wa juu hukandamiza bila kuachia. Nati ndogo ya kutolea upepo hulegezwa, mafuta huruka pamoja na mapovu, mguu huzama hadi sakafuni. Nati hufungwa. Kisha tu ndipo husema, “Achia!”

Msaidizi wa nyumbani huwa ni mtoto wa shule, shemeji aliyekuja kutembea, au yeyote aliyekuwapo. Hisia yake ya kawaida ni kwamba mguu ukifika sakafuni, kazi imekwisha, basi huachia. Nati bado iko wazi. Pedali inaporudi juu, hunyonya kupitia nati hiyo, na badala ya kunyonya mafuta hunyonya hewa. Kwa hiyo kila wanapotoa upepo, upepo mwingine huingia. Wanaweza kuendelea hivyo mchana kutwa, chupa baada ya chupa, aliye chini akisifu kwamba mapovu yanatoka na aliye juu akilalamika kwamba pedali haipandi, na wote wawili wanasema kweli. Suluhisho ni kuvalisha nati ile mpira mwembamba unaoonyesha ndani na kuzamisha ncha ya pili kwenye chupa yenye mafuta ya breki. Hata msaidizi akiachia mapema, kinachorudi kingi ni mafuta. Huanzwa gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa kawaida, kwenye magari yetu ya usukani wa kulia, ni la nyuma kushoto. Kikopo cha mafuta chini ya boneti hutazamwa kila baada ya duru chache, maana kikikauka tu, masta yenyewe humeza hewa na kazi huanza upya.

Mafuta yenyewe nayo yana siri. Mafuta ya breki ya kawaida hunywa unyevu kutoka hewani, na Amani unyevu si haba. DOT 3 mapya hayachemki mpaka joto lifike nyuzi 205 au zaidi. Yakishakunywa maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho cha chini hushuka hadi nyuzi 140. Chupa iliyofunguliwa masika iliyopita na kuwekwa rafuni bila kufungwa sawasawa huonekana nzima kwa macho. Mwenye gari huitumia, hujaribu breki uani, nazo hushika barabara. Kisha hushuka kwenda Muheza mguu ukiwa juu ya pedali kona baada ya kona. Breki hupata joto, mafuta yaliyo karibu na magurudumu huchemka, mvuke hujaa kwenye mipaipu, na mvuke hubanwa kama hewa. Karibu na Sigi pedali huzama. Dereva mwenye bahati huwa na gia nzito na hendibreki. Hulisimamisha gari, hukaa chini ya mti, huvuta pumzi. Gari hupoa, mvuke hugeuka kuwa kimiminika, na pedali hurudi juu. Akifika Muheza anamweleza fundi kwamba hana breki. Fundi hukanyaga, hupanda barabarani, hurudi, akamwambia breki ni nzima. Hakuna kati yao anayedanganya. Ushahidi ulipoa njiani.

Lipo kosa baya kuliko hilo, nalo ni kujaza oili ya injini au haidroliki kwenye kikopo cha breki kwa sababu mafuta yenyewe yamekosekana dukani. Mipira ya ndani ya mfumo wa breki wa kawaida haikutengenezwa kuhimili mafuta yatokanayo na petroliamu. Huvimba, huziba vitundu ambavyo mafuta hurudia, na breki hushika bila kukanyagwa. Gari huwa zito kila likienda, magurudumu huunguza, na mwenyewe husumbuka na injini akidhani imepoteza nguvu. Matengenezo yake ni kubadilisha kila mpira uliogusana na oili hiyo, kutoka masta hadi gurudumu la mwisho, na kusafisha mipaipu yote. Huwezi kulipunguza kosa hili kwa kumwaga na kujaza upya.

Kwenye gari la diseli, kituko huanzia kwenye filta. Kazi yenyewe ni ya dakika chache: filta ya zamani hufunguliwa, mpya hufungwa. Lakini filta mpya imejaa hewa, na pampu za diseli za mtindo wa zamani haziwezi kusukuma hewa mpaka ifungue nozeli. Mwenye gari hupiga stata. Hupiga tena. Betri huanza kuzubaa, na hapo wazo la mlima humjia: gari liko juu, mteremko uko mbele, kwa nini lisishtuliwe kwa kuachiwa? Majirani husukuma, gari hushika kasi, klachi huachiwa, gari hutetemeka bila kuwaka. Hujaribu kwenye kona inayofuata. Mwisho wa mteremko gari huwa bondeni, betri imekwisha, na spana, filta ya zamani na pampu ya mkono ya jirani zimebaki nyumbani. Kulirudisha juu huhitaji lori au siku ya pili.

Kushuka namna hiyo kuna hatari ambayo kicheko huificha. Pedali ya breki hulainishwa na sevo, na sevo hutegemea mvuto wa hewa unaotokana na injini inayofanya kazi. Injini ikiwa imezimika, akiba iliyomo hutosha kukanyaga mara mbili tatu, kisha pedali huwa ngumu na dereva huhitaji nguvu zake zote kupata breki kidogo. Usukani wa haidroliki nao huwa mzito. Kama funguo zimechomolewa, usukani waweza kujifunga kabisa. Ilihali kutoa upepo kwenye diseli hakuhitaji mteremko: filta hujazwa diseli safi kabla ya kufungwa, kipampu kidogo cha mkono kilicho juu yake hukandamizwa mpaka kiwe kigumu, nati ya kutolea hewa hulegezwa mpaka diseli itoke bila mapovu, ndipo stata ipigwe.

Betri na rejeta havihitaji maneno mengi. Kwenye betri hufunguliwa hasi kwanza na kufungwa mwisho. Anayeanza na chanya, spana yake ikigusa bodi, huona cheche kubwa na spana huweza kuganda palepale. Kwenye rejeta tatizo ni kifuniko. Maji huko Amani, kwa mwinuko wake, huchemka kwenye nyuzi 97 hivi yakiwa wazi. Kifuniko cha rejeta huyaweka chini ya shinikizo ili yasichemke hata yakizidi nyuzi 100. Anayekifungua gari likiwa limetoka tu kupanda Sigi huliondoa shinikizo hilo kwa mkupuo, na maji yote yaliyokuwa yametulia huchemka kwa pamoja na kurukia usoni. Kifuniko husubiri mpaka bomba la juu la rejeta lishikike kwa mkono bila kuunguza.

Baada ya kila kitu kufungwa, mara nyingi hubaki kitu kwenye gunia: nati, waya wa kubania, washa moja. Desturi ya kusema gari lilitoka kiwandani na ziada haina msingi. Nati inayobaki ina mahali pake, na namna bora ya kupajua ni kuzuia isibaki: kila boliti inayotolewa hurudishwa kwenye tundu lake kwa vidole mara tu kifaa kinapoondoka, au hupangwa juu ya kipande cha boksi kwa mfuatano ule uliofunguliwa, na picha hupigwa kwa simu. Kazi ikikatizwa na mvua, na Amani hukatizwa mara kwa mara, boksi hilo huingizwa ndani kama lilivyo bila kukusanywa kwenye kopo moja.

Nati za gurudumu hukazwa kwa kukingamana, si kwa kufuata duara, kwanza gurudumu likiwa juu na mara ya mwisho likiwa chini, na hurudiwa kukazwa baada ya kilomita 50 hivi. Kisha huja majaribio. Injini huwashwa na pedali ya breki hukanyagwa mara kadhaa gari likiwa bado limesimama, mpaka mguu upate ugumu unaostahili. Gari husogezwa hatua chache uani na kusimamishwa, hendibreki hujaribiwa peke yake, na chini yake hutazamwa kama kuna tone. Likitoka barabarani kwa mara ya kwanza, huelekezwa upande wa kupanda, kwa mfano njia ya kuelekea kilima cha Mbomole, kwa mwendo mdogo na gia nzito, kwa sababu gari linalopanda likikosa breki au nguvu, mlima wenyewe hulipunguza mwendo, na jiwe moja nyuma ya gurudumu hutosha kulizuia. Huko juu breki hushikwa mara kadhaa, ngoma au diski za magurudumu manne hukaribiwa kwa kiganja, bila kuguswa, ili kuona kama joto lake linalingana, na oili hupimwa tena. Barabara ya Sigi huachwa kwa safari ya pili.